Kutoka Scheut hadi Cinquantenaire: Wamisionari, Shule na Watoto Wetu



Wengi wetu tuishio Brussels tunaujua mji huu kwa njia zetu za kila siku: kutoka nyumbani hadi kazini, kutoka kazini hadi sokoni, na siku ya Ijumaa hadi msikitini. Aghalabu hatusimami kujiuliza kuta tuzipitazo zilijengwa na nani, wala kwa nia gani. Katika makala haya ningependa kuwachukua katika safari fupi, ya tikiti moja tu ya metro, kutoka Scheut, mtaa ulioko Anderlecht magharibi mwa jiji, hadi bustani ya Cinquantenaire iliyoko mashariki. Metro namba 5 huunganisha pande hizo mbili bila ya abiria kubadilisha treni.

Sababu ya safari hii ni swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nilipoanza kujitolea kufundisha katika nyumba moja ya watawa: je, yafaa watoto wetu wasaidiwe masomo na wamisionari? Na je, yafaa Mwislamu mwenyewe akafundishe huko? Swali hili halijibiki kwa ndiyo au hapana kabla ya kujua tunazungumza juu ya watu gani na historia gani.

SCHEUT

Scheut ya leo ni mtaa wa watu wa kila taifa. Njia kuu ya Ninove inapita hapo na tramu zake, na mwanamke aliyejitanda hijabu hageukiwi na mtu. Lakini jina la mtaa huu limesikika China, Kongo na Ufilipino kabla halijasikika masikioni mwetu. Mwaka 1862 padri wa Kibelgiji, Théophile Verbist, alianzisha hapa shirika la wamisionari. Jina lake rasmi ni la Moyo Safi wa Maria, ila Wabelgiji wenyewe wamezoea kuwaita kwa jina la mtaa tu: mapadri wa Scheut. Verbist aliondoka mwaka 1865 kwenda China, akafia Mongolia mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 44.

Mwaka 1888 mapadri wanne wa mwanzo wa shirika hili walipelekwa Kongo. Hawakwenda kwa shauku yao peke yake. Mfalme Leopold wa Pili aliyaona mataifa mengine yakipeleka mapadri katika nchi aliyoifanya mali yake, naye akataka wawe Wabelgiji. Baadaye walifika Ufilipino, mwaka 1907. Na China ilipoanza kuwafungia mlango katika miaka ya 1940, baadhi yao wakaelekea Japani, wakajifunza lugha ile ngumu, na kazi yao moja kubwa ikawa ni kuendesha shule za watoto wadogo.

Naomba msomaji auweke mfano huo wa Japani moyoni, kwani nitaurudia. Japani imejaa shule za Kikristo, kutoka chekechea hadi vyuo vikuu, na Wajapani wengi wamepitia humo. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, Wakristo wa Japani hawafiki hata wawili katika kila watu mia. Wazazi walipeleka watoto shuleni wakachukua elimu, na dini ya nyumbani ikabaki nyumbani.

KONGO: MLANGO MMOJA

Kongo mambo yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 26 Mei 1906 serikali ya Leopold ilifanya mkataba na Papa wa Roma: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikawa inazipa ruzuku shule za misheni za Kikatoliki. Hadi mwaka 1954, pale Waziri Auguste Buisseret alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika, mtoto wa Kikongo aliyetaka kusoma Kifaransa alikuwa karibu hana mlango ila mlango wa misheni.

Kwa Waislamu wa Kasongo, Nyangwe na Kisangani jambo hili lilikuwa zito. Wazee wengi waliwazuia watoto wao wasiende, kwa kuhofia ubatizo na jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Watoto wakabaki na chuo cha Kurani peke yake. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Waislamu wa Maniema walijikuta nyuma katika ukarani, ualimu na udaktari. Si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu gharama ya ubao na chaki ilikuwa ni imani yao. Baadhi ya familia zisomazo jarida hili zimetoka huko huko, nazo zinajua zaidi ya niwezavyo kuandika.

Ziko dhara nyingine zilizofichwa kwa muda mrefu zaidi. Katika enzi ya ukoloni, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika misheni. Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende, Kasai, waliishitaki serikali ya Ubelgiji wakiwa wamekwisha kuwa bibi. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliwaomba radhi watoto hao wa zamani kwa niaba ya nchi. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba serikali ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu. Kwa hiyo anayesema kwamba tusiogope kitu kwa kuwa haya yamekwisha pita, na azingatie kuwa mahakama ya mji huu imeyatolea hukumu juzi tu.

CINQUANTENAIRE: JIWE NA MSIKITI

Sasa tupande metro kituo cha Jacques Brel, tuteremke Schuman. Mwendo mfupi kwa miguu unatufikisha katika bustani ya Cinquantenaire, na humo mna vitu viwili vinavyotazamana kama majirani wasiosemezana.

Cha kwanza ni mnara wa Wabelgiji waliotangulia kwenda Kongo, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, uliozinduliwa mwaka 1921. Maandishi yake yanawasifu askari wa Kibelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno lile "Mwarabu" limekwisha futwa kwa patasi, likachongwa upya, likafutwa tena. Na "Mwarabu" huyo ni nani? Si mtu wa Makka wala Madina. Ni Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, pamoja na mwanawe Sefu, na maelfu ya Waswahili na Wamanyema waliokuwa nao. Vita vile vilipiganwa kati ya mwaka 1892 na 1894, na miji ya Nyangwe na Kasongo ilianguka mwaka 1893.

Mbele ya jiwe hili hatuna budi kusema kweli mara mbili. Kweli ya kwanza ni kuwa jiwe linanyamaza juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira wa Leopold. Kweli ya pili ni kuwa biashara ya watumwa haikubuniwa na mchongaji. Watu wa pwani yetu waliifanya, na wengine wao walikuwa wakisali sala tano. Patasi ikifuta neno, haifuti jambo. Mtoto wetu atasomeshwa habari hizi shuleni, na ni heri azisikie nyumbani kwanza, zikiwa kamili pande zote mbili.

Kitu cha pili ni Msikiti Mkuu. Jengo lake la asili lilijengwa katika karne ya 19 ili kuonyesha picha kubwa mno ya mji wa Cairo. Mwaka 1967 Mfalme Baudouin alimkabidhi Mfalme Faisal wa Saudi Arabia, na likafunguliwa likiwa msikiti mwaka 1978. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1974, Ubelgiji iliutambua Uislamu kisheria kuwa miongoni mwa dini zake rasmi. Mwaka 2018 serikali ikaukatisha mkataba wa Saudia juu ya jengo hilo. Lakini utambuzi wa mwaka 1974 umebaki, na kwetu sisi wazazi huo ndio wenye faida zaidi kuliko kuba na mnara, kama nitakavyoeleza.

NYUMBA YA KAZI ZA SHULE

Nyumba nifanyayo kazi ya kujitolea sitaitaja jina. Ni moja ya zile ziitwazo hapa "shule za kazi za nyumbani", ambamo watoto husaidiwa baada ya masomo. Inaendeshwa na watawa wachache waliokwisha zeeka, ambao waliishi Kivu kwa miaka mingi. Mimi huenda Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu. Watoto ni wa Morocco, Guinea, Kongo, Burundi, na wetu wa pwani. Hesabu za sehemu na vitenzi vya Kifaransa havibagui.

Sista mkuu wa nyumba hujua Kiswahili, ila ni Kiswahili cha Bukavu. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, hii mutoto anachoka, umuache kidogo." Watoto wa Mombasa wakacheka mpaka wakalala juu ya madaftari, yule wa Uvira hakucheka, kwani kwake hicho ndicho Kiswahili. Nilitumia fursa hiyo kuwafundisha kuwa lugha yetu ina nyumba nyingi. Katika kabati la Sista mna kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, iliyotolewa Paris mwaka 1939, ambayo wataalamu huirejea hadi leo. Padri yule aliyakusanya maneno ya wazee wetu wa pwani ili ayatumie katika kuhubiri Injili. Leo mjukuu wa wazee wale anaifungua mjini Brussels ili aelewe zoezi la Kifaransa. Mwenye kupanda hajui nani atakayevuna.

Mwezi wa Desemba jua la Brussels huzama mapema, na Magharibi huingia karibu na saa kumi na dakika arobaini, ndani ya muda wa kazi. Nilipomweleza Sista, alinionyesha chumba cha mashine ya kunakili. Huko nimekuwa nikitandika msala katikati ya makasha ya karatasi. Baada ya majuma mawili vijana watatu wakubwa wakawa wananifuata bila kuitwa. Vivyo hivyo kuhusu chakula: peremende zilizokuwa zikitolewa saa kumi zilikuwa na jelatini ya nguruwe. Tulisoma pamoja maandishi ya pakiti, na tangu hapo hutolewa machungwa na tufaha. Hakuna aliyegombana. Palihitajika mtu mzima wa Kiislamu awepo chumbani, aseme kwa adabu.

SWALI LA NDUGU YETU

Hata hivyo sitaki kupaka rangi. Ndugu yetu mmoja, ambaye asili yake ni Kasongo, aliwatoa mabinti zake wawili katika nyumba hiyo baada ya mdogo kurudi na kijipicha cha Bikira Maria ndani ya daftari. Nilikwenda kwake. Alinikaribisha chai, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, babu yangu alikosa shule kwa kuwa alikataa kubatizwa. Alikufa akitia dole gumba badala ya sahihi. Leo nimpeleke binti yangu kwa watu wale wale, tena kwa miguu yangu?"

Swali hili lina heshima yake, wala halistahili kujibiwa kwa haraka. Nilimjibu hivi, na ndivyo niwajibuvyo wengine.

Kwanza, babu yake alisimama mbele ya mlango mmoja, na nyuma ya mlango ule ilisimama serikali. Alikuwa na haki ya kukataa. Mjukuu wake anasimama mbele ya milango mingi. Hapo ndipo penye tofauti ya Kongo na Japani: mmisionari ni yule yule, kutoka Scheut ile ile, ila Mjapani angeweza kumchukua mtoto wake akampeleka kwingine. Hatari ya shule ya misheni imo zaidi katika udhaifu wa mzazi asiye na pa kwenda kuliko katika msalaba uliotundikwa ukutani.

Pili, dini yetu haikuwahi kuogopa mwalimu asiye wetu. Wanahistoria wa Sira wameeleza kuwa baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya mateka wa Kikureshi waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walikuwa washirikina, tena maadui wa jana. Na kabla ya hapo, Waislamu wa mwanzo walipodhulumiwa Makka walikimbilia Uhabeshi, pwani ile ile ya Afrika tuijuayo, chini ya ulinzi wa mfalme wa Kikristo. Walikula chumvi yake bila ya kuiacha imani yao.

Tatu, wanazuoni wetu walipokutana na wamisionari hawakujibu kwa kujifungia ndani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika miaka ya 1930, aliandika magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, akiwahimiza Waislamu washike elimu ya zama zao huku wakiijua dini yao. Na ilipokuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1923, ni ya mmisionari Godfrey Dale wa Unguja, jawabu la Sheikh Abdullah Saleh Farsy halikuwa kelele. Lilikuwa ni tafsiri yake mwenyewe, iliyotimia katika kitabu kimoja mwaka 1969. Kitabu hujibiwa kwa kitabu, na darasa kwa darasa.

Kisha nikalipeleka jambo la kijipicha kwa Sista. Alisikitika; mgeni mmoja mzee alikuwa amevigawa bila ya yeye kujua. Tuliandika ukurasa mmoja wa makubaliano: katika saa za kazi za shule hapafundishwi dini yoyote, na kila kitakachogawiwa watoto kionyeshwe kwanza. Ukurasa huo umebandikwa mlangoni. Ndugu yetu aliusoma mwenyewe, akamrudisha binti mkubwa, ambaye mwaka huu ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mdogo bado yuko nyumbani. Sijamshurutisha, kwani yeye ndiye baba.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa faida ya familia zetu, nayaweka hapa machache.

Mosi, ijueni sheria. Kwa kuwa Uislamu unatambuliwa, shule ya serikali hapa lazima itoe somo la dini ya Kiislamu mzazi akilichagua. Shule ya Kikatoliki huifundisha dini ya Kikatoliki kwa wote. Mwenye kuichagua kwa ubora wake, na wengi wetu huichagua, afanye hivyo huku akijua, tangu siku ya kuandikisha.

Pili, ingieni ndani. Mzazi aishiaye getini hana habari. Ulizeni juu ya chakula, sala, na sikukuu. Tarehe 6 Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikolasi, watoto hupewa biskuti na chokoleti. Amueni nyumbani mapema mtafanyaje, mtoto asiachiwe mzigo huo peke yake mbele ya wenzake.

Tatu, msiache mbachao kwa msala upitao. Saa mbili za Kifaransa juma zima zisiwe ndiyo kisa cha kuivunja madrasa ya Jumamosi.

Nne, nanyi jitoleeni. Sheria ya tarehe 3 Julai 2005 inamlinda mwenye kujitolea: kazi ni ya hiari, haina mshahara, na shirika lina wajibu wa kumweleza juu ya bima na marejesho ya gharama. Apokeaye posho ya kukosa kazi na aarifu kwanza ONEM. Atakaye kukaa na watoto huombwa cheti cha manispaa kionyeshacho kuwa hana hukumu za jinai. Asione kuwa ni tusi, kwani kinawalinda na wanawe pia.

La mwisho ndilo kubwa. Watawa wale ni wazee, na hawana vijana nyuma yao. Nyumba yao haitadumu miaka mingi, na siku watakapoifunga watoto arubaini watabaki barabarani na madaftari yao. Miongoni mwetu wamo walimu wastaafu, wauguzi, wahasibu, na wanafunzi wa chuo kikuu wanaojua hesabu kuliko mimi. Kinachotupungukia ni chumba, meza, na watu wanane wa kuahidi alasiri moja kwa juma bila kukosa. Ikiwa watawa wa Kikristo wameweza kukaa na watoto wetu jioni baada ya jioni bila ya ujira, nasi tutatoa udhuru gani?

Wenye nia na waonane nami baada ya sala ya Ijumaa, au waache majina yao kwa mhariri. Sista ameahidi kutuachia madawati. Kamusi ya Sacleux nimemwomba pia; amesema atafikiri.

Wabillahi tawfiq.